Kibarua Kinapoota Nyasi: Historia Fupi ya Haki ya Asiye na Kazi

Kiswahili kina msemo kwa mtu aliyepoteza kazi: kibarua chake kimeota nyasi. Husemwa kwa utani, hata juu ya mtu aliyekuwa na mshahara wa mwezi na meza yake ofisini. Lakini msemo wenyewe ni wa watu wa kazi ya kutwa: saidia fundi kwenye jengo, kuli wa bandarini, mkata mkonge, deiwaka wa daladala, mama anayefua nguo nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Hawa ni ndugu tunaoketi nao Jumapili. Kazi yao haina tarehe ya kwisha. Siku moja hawaitwi tena, basi.

Katika insha hii tunafuata historia ya swali moja. Kazi ya mtu wa namna hii inapokatika, ana haki ya kupata nini, na kutoka kwa nani? Wanasheria wana jibu lao na wachumi wana lao. Sisi tunaliuliza kama waumini, kwa sababu Maandiko yalimtaja mtu wa kibarua zamani sana kabla ya mfuko wowote wa hifadhi ya jamii kuundwa, na kwa sababu Kanisa nalo ni mwajiri.

Neno lililotokana na karatasi

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Wamisionari walioandika kamusi na vitabu vya Kiswahili katika karne ya 19, miongoni mwao Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa, walieleza jinsi neno hilo lilivyopata maana yake. Mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya siku moja alipewa kikaratasi. Alipofika wakati wa kulipwa alikirudisha kile kikaratasi, akapokea ujira wake. Watu wakaanza kumwita mfanyakazi kwa jina la karatasi aliyoishika.

Wengi wa vibarua wa kwanza wa Zanzibar na Mombasa hawakuwa watu huru. Walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao mjini kutafuta kazi ya kutwa, na sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, ilikwenda kwa bwana. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, kibarua alibaki. Sasa ujira wote ulikuwa wake, na siku isiyo na kazi nayo ikawa yake peke yake. Mtumwa aliyekosa kazi angalau alikuwa na bwana ambaye desturi ilimtaka amlishe. Mtu huru aliyekosa kazi hakuwa na mtu wa kumdai chochote.

Bara nako karatasi ilitawala. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, tangu wakati wa Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyougua, au aliyokosa kazi, haikutiwa. Alilipwa kadi ilipojaa, hata kama imemchukua zaidi ya mwezi mmoja kuijaza. Nchini Kenya kipande kilikuwa kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua kila aendako, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati.

Tuliweke jambo hili akilini tunapoendelea, kwa maana litarudi mara nyingi. Kwa kibarua, haki imefuata karatasi. Siku iliyoandikwa inadaiwa. Siku isiyoandikwa, hata kama jasho limetoka, haidaiwi.

Kibarua katika Maandiko

Torati ilimjua mtu huyu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19 na Kumbukumbu la Torati sura ya 24 imeagizwa kwamba ujira wa mtu wa kuajiriwa usilale kwa mwajiri hadi asubuhi, na kwamba alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba yeye ni maskini, na moyo wake umeuelekea ujira ule. Sheria hiyo inajua kwamba kwa kibarua hakuna mwisho wa mwezi. Kuna jioni, na kuna watoto wanaosubiri jioni hiyo.

Bwana wetu alikwenda mbele zaidi. Katika Mathayo sura ya 20 anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu anayekwenda sokoni kutafuta watu alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja. Wale wa mwisho anawauliza kwa nini wamekaa mchana kutwa bila kazi. Wanajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Jioni wote wanapokea dinari moja, ujira wa kutwa.

Mfano huu umehubiriwa sana kuhusu neema ya wokovu, na ni sawa. Lakini msikilizaji wa kwanza wa mfano huo aliwajua watu wale wa sokoni. Alijua kwamba mtu wa saa kumi na moja hakuwa mvivu. Alikuwapo mahali pa kuitwa, na siku nzima hakuitwa. Alijua pia kwamba mkate wa nyumba yake ulikuwa sawa na wa yule aliyeitwa alfajiri. Mwenye shamba alipima malipo kwa mahitaji ya siku nzima, na hakuwakata kwa ajili ya saa ambazo hawakuchaguliwa. Tutaona kwamba serikali za dunia zilichukua muda mrefu sana kulikaribia wazo hilo, na mara nyingi zilirudi nyuma.

Gati la London na gati la Mombasa

Nchi ya kwanza kuweka bima ya lazima ya kitaifa kwa watu wanaokosa kazi ilikuwa Uingereza, mwaka 1911. Tunaitaja kwa sababu sheria nyingi za kazi za Afrika Mashariki zilikuja kutoka huko, na kwa sababu tatizo lililowasumbua watunga sheria wake lilikuwa la kibarua.

Mwaka 1889 makuli wa bandari ya London waligoma. Walikuwa wakisimama langoni kila asubuhi, mnyapara akichagua huyu na kumwacha yule, na aliyechaguliwa aliweza kufanya kazi saa moja au mbili tu, kisha akaambiwa aende zake. Walidai peni 6 kwa saa, na wakadai anayeitwa asiitwe kwa chini ya saa nne. Mmoja wa walioleta mapatano alikuwa Kadinali Henry Edward Manning wa Kanisa Katoliki, mzee wa miaka zaidi ya 80, ambaye makuli wengi walimwamini kuliko walivyowaamini waajiri. Madai yao yakakubaliwa. Lakini bado mtu ambaye hakuitwa kabisa hakupata kitu.

Sheria ya 1911 ilijaribu kujibu. Mwajiri, mfanyakazi na serikali walichangia. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu, na mwajiri alibandika stempu ndani yake kuonyesha kwamba mchango umelipwa. Kazi ikiisha, mtu alichukua kitabu chake akakipeleka kwenye ofisi ya kazi, akapata shilingi 7 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Tena karatasi. Lakini sheria ilianza na kazi saba tu, kama ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi wa mitambo. Mwaka 1920 ilipanuliwa ikawafikia wafanyakazi wapatao milioni 11, makuli wakiwamo. Watu wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Yaani wengi katika wale wa hali ya chini kabisa hawakuhesabiwa.

Tangu mwanzo palikuwa na sharti ambalo mpaka leo liko katika sheria za nchi nyingi: aliyeacha kazi kwa hiari yake bila sababu ya haki alizuiwa malipo kwa wiki sita. Kwa mtu wa kazi ya kudumu sharti hili ni rahisi kulielewa. Kwa kibarua ni fumbo. Mtu aliyeitwa siku mbili wiki hii, moja wiki ijayo, kisha akaamua kutafuta kazi nyingine kwa sababu siku moja kwa wiki haitoshi kulisha watoto, je, ameacha kazi? Na yule ambaye hakuitwa tena, wala hakuambiwa kwamba amefukuzwa, kazi yake imekwisha siku gani?

Waingereza walitafuta njia. Waliweka kanuni kwamba siku tatu za kukosa kazi ndani ya siku sita zihesabiwe kuwa ni ukosefu wa kazi. Hivyo kuli aliyepata kazi siku tatu aliweza kujiandikisha kwa zile tatu zilizobaki. Makuli wenyewe walitania kwamba nusu ya wiki wako kwenye ndoano ya kubebea mizigo na nusu nyingine wako kwenye kitabu. Lakini katika miaka ya 1920 mwombaji alitakiwa pia kuthibitisha kwamba anatafuta kazi kwa dhati, hata mahali ambapo kazi hazikuwapo, na maombi mengi mno yakakataliwa. Mwaka 1931, katika shida kubwa ya uchumi, sheria nyingine ilipitishwa mahususi kuwabana watu wa kazi za msimu, watu wa kazi za siku chache kwa wiki, na wanawake walioolewa. Mfuko ulipopungukiwa, wa kwanza kuambiwa kwamba madai yao hayaeleweki walikuwa wale wenye siku zisizo na mpangilio.

Sasa turudi pwani yetu. Mwaka 1939 makuli wa Mombasa, Dar es Salaam na Tanga waligoma. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa takribani siku 12, wakakutana katika uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini, wakiongozwa na Chege Kibachia. Septemba mwaka huo huo mgomo wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa hadi miji mingine ya Tanganyika. Mwaka 1950 mgomo mwingine wa makuli wa Dar es Salaam uliishia katika vurugu, na chama chao kikavunjwa.

Baada ya migomo hiyo serikali za kikoloni zilianza kuwaandikisha makuli na kupunguza idadi ya vibarua, ili wachache wawe na kazi ya kudumu. Kwa waliobaki ndani ya daftari ilikuwa nafuu ya kweli. Waliobaki nje walipoteza hata nafasi ya kusimama langoni. Tena si makuli wote walioipenda kazi ya kudumu. Wapo waliotaka kubaki vibarua kwa sababu walikuwa na mashamba yao, na kibarua kiliwapa uhuru wa kurudi kulima. Tusiusahau uhuru huo tunapotafuta dawa. Si kila mwenye kazi ya siku chache ni mtu aliyekosa bahati. Wapo waliochagua hivyo kwa busara, na hifadhi yao isiwe kwa sharti la kuacha uchaguzi huo.

Kwa nini bima ya Uingereza haikuvuka bahari

Waingereza waliotawala Tanganyika na Kenya waliijua bima ya wasio na kazi nyumbani kwao. Hawakuileta. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika ana kijiji. Akikosa kazi atarudi kwa ndugu zake, kwenye shamba, na huko ndiko hifadhi yake iliko. Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa maana ukoo ulibeba watu wengi, na unawabeba hadi leo. Lakini ilimpa mwajiri nafuu kubwa: angeweza kulipa ujira wa mtu mmoja kwa siku moja, na uzee, ugonjwa na siku zisizo na kazi zikalipwa na jembe la mama kijijini.

Kwa hiyo asiye na kazi mjini hakuonekana kama mtu mwenye madai. Alionekana kama mtu aliye mahali pasipo pake. Mwaka 1944 Tanganyika ilipata sheria ya kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Pale ambapo London ilimwuliza mtu asiye na kazi kitabu chake cha stempu ili alipwe, Dar es Salaam ilimwuliza karatasi yake ili arudishwe kwao.

Uhuru ulileta mengi mazuri kwa wafanyakazi. Mwaka 1962 Tanganyika ilipitisha sheria ya malipo kwa anayeachishwa kazi, na mwaka 1964 zikaja sheria ya usalama wa ajira na Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao baadaye, kwa sheria ya mwaka 1997, ulikuwa NSSF tunayoijua. Lakini haya yalijengwa juu ya mtu wa ajira ya kudumu. Wazo la zamani kuhusu asiye na kazi mjini halikufa upesi. Mwaka 1983, katika miaka ya njaa ya bidhaa, ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi. Wengi wetu tuliokwisha kuwa watu wazima wakati huo tunaukumbuka msako wake: aliyeshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, na wengi walipelekwa vijijini au mashambani. Kibarua aliyefanya kazi jana, na ambaye angefanya kesho, leo hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Sheria ya leo na mlango wake mwembamba

Tanzania imepata fao la kukosa ajira mwaka 2018 tu, katika mageuzi yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuwaacha wafanyakazi wa sekta binafsi chini ya NSSF. Kabla ya hapo aliyeachishwa kazi alikimbilia fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yake na kuondoka kwenye mfuko, akiula leo uzee wake wa kesho. Serikali ilipojaribu kulizuia mwaka 2012 wafanyakazi walipinga kwa nguvu, hasa wa migodini, kwa sababu ajira yao ilikuwa ya mikataba mifupi na hawakuona kitu kingine cha kushika mkataba ulipoisha.

Fao jipya lina masharti, na tunaona ni vema kila mwanausharika ayajue. Mwanachama awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 18. Awe hajafikisha umri wa miaka 55. Asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Akitimiza hayo hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Ambaye michango yake haijafika miezi 18 anaweza kulipwa nusu ya michango aliyokatwa yeye mwenyewe. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi 300,000, fao ni karibu shilingi 100,000 kwa mwezi. Si fedha ya kunenepa. Ni unga, kodi ya chumba, na nauli ya kutafuta kazi nyingine.

Tuchukue mfano wa saidia fundi aliyefanya kazi miaka mitatu mfululizo: miezi minne jengo hili, miwili jengo lile, wiki tatu bila kitu, kisha mitano kwa mkandarasi mwingine. Jumla ya kazi yake inazidi kwa mbali miezi 18. Lakini kama hakuna hata mmoja katika wakandarasi hao aliyemwandikisha, michango yake ni sifuri. Mbele ya mfuko hajawahi kufanya kazi. Na siku ya mwisho hakuna aliyempa barua ya kumwachisha, aliambiwa tu, "Wiki ijayo usije, tutakupigia." Simu haikupigwa. Atathibitishaje kwamba hakuacha kwa hiari? Kibarua, mtu aliyepewa jina la barua, hana barua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kidogo. Aliyeajiriwa kwa malipo ya siku au wiki, baada ya mwezi wa kwanza, anastahili taarifa ya siku nne kabla ya ajira kusitishwa, wakati wa malipo ya mwezi anapata siku 28. Malipo ya kusitishiwa ajira, ambayo wengi huyaita kiinua mgongo, ni ujira wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi, lakini kwa aliyetumika mfululizo angalau miezi 12. Wenzetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, wameweka kanuni nzuri: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki zake hubadilika, hata kama mwajiri anaendelea kumwita kibarua. Lakini hata huko, lazima mtu aweze kuonyesha kwamba siku hizo zilikuwapo.

Daftari la Kanisa

Historia hii inatufundisha jambo moja. Mara nyingi kibarua hakunyimwa haki kwa sababu mtu alisimama akasema hastahili. Alinyimwa kwa sababu hakuna aliyeandika siku zake. Kikaratasi cha Zanzibar, kadi ya mkonge, kitabu cha stempu, daftari la bandari, michango ya NSSF: kila mara haki ilisimama pale maandishi yalipoishia.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili mapema. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walipitwa tu. Mitume hawakusema kwamba neema ya Mungu yatosha na wajane wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema ya kusimamia ugawaji. Huduma ya ushemasi, kwa mujibu wa mapokeo yetu, ilianzia kwenye orodha iliyokuwa na pengo.

Leo sharika zetu zinajenga. Kuna makanisa, nyumba za wachungaji, shule, zahanati na kumbi, na kila jengo lina vibarua wake. Tuna walinzi, wafagiaji, wapishi wa semina, wanaotunza makaburi. Wengine tunawaita wanaojitolea, ilhali tunawapa bahasha kila Jumamosi. Swali la fao la kukosa ajira, ambalo linaonekana kuwa la serikali na wanasheria, linafika hivyo mezani kwa baraza la wazee.

Mambo yanayowezekana ni ya kawaida kabisa. Kamati ya ujenzi iweke daftari la siku, jina kwa jina, na kila kibarua atie sahihi au dole gumba. Mkataba na mkandarasi uwe na kifungu kinachomtaka aandikishe wafanyakazi wake NSSF, na malipo ya awamu yafuate uthibitisho wa michango: asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa kawaida mwajiri hutoa 10 na mfanyakazi 10. Anayemaliza kazi apewe barua fupi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na sababu, hata kama alifanya kazi wiki sita tu. Barua hiyo haigharimu kanisa zaidi ya karatasi na mhuri, lakini inaweza kuwa tofauti kati ya kulipwa na kurudishwa mlangoni. Nasi tunaoajiri majumbani tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa dada wa kazi na kwa kijana wa bustani. Mwenye kazi za vipindi asiye na mwajiri mmoja aelezwe kwamba anaweza kuchangia mfuko kwa hiari, na asaidiwe kujiandikisha.

Yapo ambayo daftari haliwezi. Wiki ya kwanza baada ya kibarua kuota nyasi hakuna fao linalokuwa tayari, na kwa wengi halitakuwapo kabisa kwa miaka mingi ijayo. Hapo ndipo diakonia inapohitajika. Mfuko wa huruma wa usharika usisubiri msiba ndipo ufunguliwe. Mtu aliyepoteza kazi ya kutwa huona haya kuliko mgonjwa, kwa sababu hana hata jina la ugonjwa wa kutaja. Mara nyingi huacha kuja ibadani kabla hajaacha kula, kwa kuwa hana sadaka. Mzee wa mtaa anayejua nani haitwi tena kazini ana habari ambayo hakuna ofisi ya serikali inayoijua.

Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele, na kwamba kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Tunaamini basi kwamba ipo hesabu ambayo ndani yake hakuna siku ya kazi iliyopotea, wala siku ya kusimama sokoni bila kuitwa. Lakini imani hiyo haituondolei kalamu mkononi. Inatutaka siku za ndugu zetu tuziandike sisi, kwa majina yao kamili, ili siku ile kazi itakapokatika wawe na karatasi ya kushika.